Mbuzi Aliyechongwa Kwenye Shilingi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, na nikisema namwangalia machoni. Miaka ishirini na tisa nimenunua skrepu hapa Majengo, Nyeri, nyuma kidogo ya msikiti, na mtu anayenunua skrepu ameona kila kitu ambacho binadamu anaweza kutupa au kuiba. Nimeletewa kengele ya kanisa ikiwa imefungwa ndani ya gunia la viazi. Nimeletewa kitanda cha hospitali kikiwa bado na shuka. Kuna mwanamume aliniuzia geti ya nyumba yake mwenyewe, jioni mke wake akaja kuinunua, wiki iliyofuata mwanamume akaileta tena. Mara tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima kilo.

Shule niliiacha darasa la tano. Nilianza kwa kuokota vifuniko vya soda na misumari kwenye mahali pa ujenzi, nikiwa na gunia moja na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Leo niko na yadi, mizani ya tani moja, pikapu mbili, na nyumba za kupangisha ambamo wanakaa walimu na askari kutoka magharibi, watu wenye vyeti. Ikifika tarehe tano wenye vyeti wananiita mheshimiwa. Sisemi haya kujisifu. Nasema ili unayesoma ujue maneno haya ni ya mtu wa aina gani, maana huko mbele utanisikia nikilia, na sitaki ufikiri mimi ni mtu wa kulia ovyo.

Sarafu zilinijia kwa bahati. Lori moja lilileta mabati makuukuu kutoka Mwea, ya nyumba za wakulima wa mpunga, na misumari ilikuwa bado imeshika. Kwenye kila msumari, mahali pa washa, kile kisahani cha kuzuia maji yasipite kwenye tundu, palikuwa na senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Wazee walikuwa wameona washa dukani ni ghali kuliko pesa yenyewe, wakapigilia pesa kwenye paa. Nilikaa chini nikazing'oa moja moja. Zilikuwa zimepondwa na nyundo, zimepinda kama masikio ya mbwa, na kila moja ilipondwa kivyake.

Nikaanza kutafuta nyingine. Nilipata sumuni iliyosuguliwa upande mmoja hadi ikawa kama kioo, halafu mtu akachora herufi mbili na ua. Nilipata shilingi iliyochongwa na tupa hadi ikawa pete ya mwanamke. Nilipata shilingi nyingi za mfalme ambaye macho yake yametobolewa kwa msumari, na hizo sikuhitaji mwalimu wa historia kunieleza. Wale wanaojiita wakusanyaji, wanaokuja na lenzi kwenye kamba shingoni, wanataka sarafu safi isiyo na mkwaruzo. Mmoja alitoka Nairobi, akaangalia zangu, akasema hizi zimeharibiwa, hazina thamani. Nikamwambia, bwana, hiyo yako iliyo safi imekaa tu ndani ya sanduku, haijaishi na mtu yeyote. Mwisho alinunua ishirini. Hivyo ndivyo mimi nilivyomfundisha mtu wa digrii kazi yake.

Nilitengeneza kabati ya kioo ofisini, yenye taa ndani. Zilifika zaidi ya mia mbili. Katikati, juu ya kitambaa chekundu, niliweka ile ambayo haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mama. Baba alichukuliwa kizuizini wakati ule wa vita vya msitu dhidi ya wakoloni, mama akiwa na mimba ya kwanza. Mtoto alizaliwa baba akiwa kambini, msichana. Habari zilimfikia kwa mdomo wa mtu. Kwetu, katika nyumba ya babu, mtoto wa kwanza hupewa mbuzi na baba yake, mbuzi wake mwenyewe, na baba hakuwa hata na kiatu. Akachukua shilingi aliyokuwa ameificha, akaisugua kwenye saruji hadi kichwa cha mfalme kikaisha, na kwa msumari aliounoa kwenye jiwe akachonga mbuzi. Ilimchukua msimu mzima wa mvua, alisema. Mbuzi jike, mwenye ndevu na matiti yaliyojaa, na sikio la kushoto limekatwa pembe, alama ya mbuzi wote wa babu. Upande wa pili aliacha simba wa serikali kama alivyokuwa.

Alipoachiliwa alifika nyumbani na mbuzi, mtoto hakuwepo. Alikuwa amekufa katika kile kijiji cha kuzungushiwa mtaro, ambako watu walikaa wamebanana, na akazikwa pamoja na wengine mahali ambapo leo ni barabara na mashamba ya watu. Hakuna picha, hakuna kaburi. Mama alipokea ile shilingi akaifunga kwenye pindo la leso, na katika maisha yangu yote, mimi kitinda mimba wake, nilimwona akiisugua kwa kidole gumba akiwa anawaza. Aliiita mbuzi ya mtoto. Mama aliongea Kikuyu tu, mimi ndiye ninayemweka kwa Kiswahili hapa. Alikuwa ametuambia, mimi na dada yangu, tangu zamani: "Nikienda, niwekeeni mkononi. Yule hana kitu. Nitampelekea."

Macho ya mama yalipoingia ukungu, siku moja shilingi ilimwanguka kwenye majani ya ng'ombe, na dada, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye kule Tetu, akaitafuta kutwa nzima. Ndipo mama akanipa. "Wewe uko na sanduku ya chuma. Nishikie. Kila mwisho wa mwezi uniletee nimguse." Nikafanya hivyo. Kila mwisho wa mwezi nilipanda Tetu na unga, sukari na yule mbuzi wa shilingi, mama akakaa naye nusu saa, nikarudi naye. Lakini sikumweka kwenye sanduku ya chuma. Nilimweka kwenye kabati ya kioo, chini ya taa, kwa sababu kila aliyeingia aliuliza hiyo ni nini, na mimi nilipenda kuulizwa.

Sasa nieleze jambo moja la biashara yetu, maana bila hilo hutaelewa ujinga wangu. Hapa kwetu muuzaji hamwambii mteja "siuzi". Mteja aliyeambiwa siuzi anasikia amefukuzwa, anabeba vyuma vyake kwa jirani, na wazee wa soko wanasema umefunga siku yako mwenyewe. Kama hutaki kuuza, unataja bei ambayo hakuna mwenye akili atailipa. Tunaiita bei ya kufukuza. Mteja anacheka, wewe unacheka, mnaendelea. Nimeitumia mara mia na haijawahi kukosa kufukuza.

Siku hiyo alikuja mfanyabiashara wa mifugo kutoka Doldol, mzee mrefu mwenye koti la jeshi, akileta mabomba ya kisima kilichokauka. Alipokuwa akingoja risiti alisimama mbele ya kabati, akainama.

"Huyu mbuzi ni wa nani?"

"Wa mama yangu."

"Anakamuliwa?" Akacheka peke yake. "Tazama hii titi. Aliyechonga huyu alikaa na mbuzi, hakusimuliwa. Nyinyi watu wa Nyeri mnajua mbuzi akiwa kwa sahani tu."

"Huyo alichongwa na baba yangu."

"Basi baba yako alikuwa mtu. Wewe sijui." Watu wawili waliokuwa wakingoja mizani wakacheka. "Niko na msichana anaolewa mwezi ujao. Niuzie."

Sikuinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha risiti. "Elfu arobaini."

"Hiyo ni bei ya fahali."

"Basi nenda ununue fahali, mzee wangu."

Wale wawili wakacheka tena, na sasa walimcheka yeye. Mzee akawaangalia mmoja baada ya mwingine. Akafungua koti, akatoa bunda. Alikuwa ameuza ng'ombe Nanyuki jana yake, na mimi sikujua. Alihesabu noti juu ya kioo, juu ya kichwa cha mbuzi wa mama, pole pole, akilamba kidole.

"Hesabu na wewe," akasema.

Ningeweza kusema hapana. Nimelala na hilo neno kila siku tangu hapo. Ningesema, mzee, nilikuwa natania, hiyo ni ya mama, anakufa nayo. Lakini Majengo yote inajua mimi nikisema bei nimesema. Huo ndio mtaji wangu, si mizani wala pikapu. Na wale wawili walikuwa wameacha kucheka, wamekaa kuona kama leo nitameza maneno. Nikafungua kabati. Nikamfunga mbuzi kwenye gazeti. Hata nilicheka, nikamwambia msichana wako awe na watoto kumi. Mzee akaondoka, na wale wawili wakanipigia makofi, ati Nyeri nzima hakuna kama mimi.

Nilisema moyoni kwamba mama hataona tofauti. Mama hakuwa anaona.

Mwisho wa mwezi nikapanda Tetu bila kitu. Mama alikuwa amekaa juani, mkono uko wazi magotini tayari.

"Mbuzi hakuja leo?"

"Nilimsahau ofisini, mama. Haraka za kazi."

"Aliugua?"

"Hapana, mama. Ni kusahau tu."

"Kumbe mbuzi husahauliwa," akasema, akaukunja mkono, akauingiza ndani ya sweta.

Wiki mbili baadaye alianguka akienda chooni. Kifua kikaingia maji. Daktari alizungumza nasi kando, akatushauri tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Dada alinishika mkono kwenye korido, akaninong'oneza, "Leta shilingi. Anaiuliza kila saa. Mimi nikimwambia unaileta, ananyamaza, halafu anauliza tena."

Sikumwambia dada. Nilienda kwa fundi mmoja wa Majengo anayechora majina kwenye vikombe vya mashindano na kutengeneza mihuri. Nilikuwa na picha ya mbuzi kwenye simu, nikampa na shilingi nyingine ya mfalme kutoka kwenye kabati yangu. Fundi aliichonga siku mbili kwa mashine ndogo kama ya daktari wa meno. Alinitoza elfu mbili na mia tano, nikalipa bila kuomba apunguze, na hapo ningepaswa kujua kwamba mimi si mzima. Kazi ilikuwa safi. Ndevu, matiti, sikio lililokatwa. Nikaisugua kwa majivu, nikaipaka mafuta ya kupikia, nikailalia usiku mmoja.

Mama alikuwa amelala upande wa ukuta. Nilimwekea kiganjani, nikafunga vidole vyake kwa mkono wangu. Dada alisimama mlangoni na kikombe cha uji. Kidole gumba cha mama kikaanza kutembea. Kikapanda mgongoni, kikafika kwenye pembe, kikateremka shingoni. Kikarudi.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Ni yeye, mama. Mbuzi ya mtoto."

"Huyu amezaliwa jana." Akaigeuza, akaigusa tena, akaipeleka kwenye mdomo akaigusa na mdomo. "Huyu wangu ameisha mgongo. Nimemshika miaka yote hiyo mpaka ameisha mgongo. Huyu ana mifupa." Akaiachilia ikaanguka kwenye blanketi. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imeanza, "Umempeleka wapi yule?"

Nilitoka nje. Dada akanifuata hadi kwenye zizi, uji bado mkononi.

"Umeuza," akasema.

"Ngoja nieleze."

"Umeuza. Kwa hiyo midomo yako ya sokoni umeuza." Aliumwaga ule uji wote chini, mbele ya viatu vyangu. "Daktari hakutuambia siku ni ngapi. Nenda. Usiporudi nayo usirudi."

Nilipita Nanyuki saa tatu asubuhi siku iliyofuata, nikashika njia ya Doldol. Nilikuwa na pesa, na njiani nilikuwa nikijiambia kwamba hakuna mtu anayekataa pesa, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Yule mzee nilimpata kwenye soko la mbuzi, amekalia kiti cha plastiki. Alinitambua, akacheka.

"Umeleta fahali?"

Nilimwambia yote. Sikuficha hata habari ya shilingi ya bandia. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo, na nilipomaliza hakucheka tena.

"Uliniambia ni wa mama yako," akasema. "Nikafikiri unapandisha bei. Mtu hauzi kitu cha mama yake aliye hai."

"Nimekosa, mzee. Nikuongeze ngapi?"

"Arobaini yangu nirudishie, inatosha. Mimi si mwizi. Lakini mbuzi sina. Imeshonwa kwa mkufu wa msichana, na mkufu umebarikiwa, ameolewa nao. Hiyo sasa ni mambo ya wanawake. Mimi hata nikitaka siwezi kuweka mkono hapo."

Nikamhesabia arobaini yake, naye akanipeleka. Msichana alikuwa na kibanda cha kuuza sukari na vocha za simu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, alikuwa amemaliza sekondari. Mkufu ulimfunika kifua, duara za shanga nyekundu, nyeupe na bluu, na katikati, chini ya koo, alikuwa mbuzi wa mama. Walikuwa wamemtoboa. Mtu alipitisha drili shingoni, ili kuingiza uzi. Niliona hilo tundu, nikashika meza ya sukari.

"Wewe ndiye uliuza mama yako?" msichana akaniuliza.

"Mimi ndiye."

"Na bado uko na pesa mfukoni?"

Wanawake watatu waliokuwa wameushona ule mkufu waliitwa. Walikaa chini, wakaongea lugha yao muda mrefu, mmoja alikuwa akiniangalia kana kwamba mimi ni ng'ombe mgonjwa anayeletwa sokoni. Msichana akanitafsiria. Mkufu uliobarikiwa haufunguliwi hivi hivi. Ukifunguliwa, kila mkono ulioushona unapewa mbuzi, na mwenye shingo anapewa mtamba, ili asibaki wazi. Sikujua kama ndivyo mila yao ilivyo au kama walikuwa wameitunga hapo hapo kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe ningeitunga.

Nikarudi sokoni kununua mifugo. Na hapa ndipo ningependa mtu asinione. Mimi, ambaye nimefanya watu walie kwa shilingi tano za kilo, nilisimama katikati ya soko la Doldol, na soko zima lilikuwa tayari limesikia. Mbuzi wa elfu sita niliambiwa ni elfu tisa. Nikasema elfu sita. Mwenye mbuzi akatazama jua, akasema, "Mama anaendeleaje?" Nikalipa elfu tisa. Mbuzi watatu, elfu ishirini na saba. Mtamba mmoja mwekundu, mwenye mbavu za kuhesabika, elfu thelathini na nane. Nikalipa. Watu walikuwa wakija kuniangalia nikilipa. Kijana mmoja alinipangusia vumbi begani, akaniita baba, akaniuliza kama sihitaji na punda.

Msichana alivua mkufu mwenyewe. Akakata uzi kwa meno, akanipa shilingi kiganjani, na kwenye shingo yake pakabaki nafasi isiyo na kitu. Niliondoka mbio kama niliyeiba.

Nilifika Tetu jua likiwa bado juu. Mama alikuwa hai. Dada alikuwa amemwegemeza kwenye mito, pumzi yake ilisikika kutoka mlangoni, kama msumeno kwenye mti mbichi. Nilipiga magoti nikamwekea mbuzi mkononi.

Kidole gumba kikaanza. Mgongo ulioisha. Matiti. Sikio.

"Ndiye," mama akasema.

"Ndiye, mama." Nililia hapo, na dada akalia.

Kidole kikafika shingoni, kikasimama juu ya tundu. Kikakaa hapo. Halafu mama akaipeleka shilingi puani, akanusa.

"Ananuka mafuta ya mwili. Alikuwa na nani?"

Nikamwambia. Kabati ya kioo, bei, mzee wa koti, harusi, wanawake watatu. Nilidhani nikisema yote atanisamehe na atalala.

"Msichana wa kuolewa," mama akasema. "Alikuwa amevaa shingoni?"

"Ndio."

"Na wewe ukamvua."

"Nimelipa, mama. Nimempa mtamba mzima."

"Nimekuuliza kama umelipa?" Akapumzika, akatafuta pumzi. "Mzee wako alichonga mbuzi ya msichana. Msichana hakumwona. Nikakaa naye mimi, kwa sababu hakuna mwingine wa kukaa naye. Sasa msichana amepata mbuzi yake, amevaa, watu wamembariki, na mwanangu ameenda amemvua shingoni."

"Mama, ulisema utaenda naye. Ulisema mkononi. Tangu tukiwa watoto umesema."

"Nilisema wakati hakuwa na mwenyewe. Rudisha."

"Nitarudisha kesho. Nitarudisha baadaye, mama, ukishakuwa..." Sikumaliza.

"Leo."

Nilimwomba. Nilishika miguu yake chini ya blanketi, baridi kama mabomba asubuhi, nikamwambia acha nikae hapa, nimetoka huko sasa hivi, acha mtu mwingine apeleke, nitamtuma dereva. Akasema aliyevua ndiye anayevalisha. Akanyoosha mkono ule wenye shilingi nje ya kitanda, na kwa kuwa sikuichukua mkono ukabaki hapo hewani ukitetemeka, hadi dada akasema, "Chukua. Utamuua kwa kumshikisha." Nikachukua.

Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba mlima ulikuwa wazi wote na sikuujali. Nilifika kibanda cha msichana kikiwa kinafungwa. Nikamwekea shilingi juu ya meza ya sukari.

"Amekataa?" akauliza.

"Amesema ni yako."

Msichana aliingia ndani akaleta mkufu na sindano. Alikaa kwenye kreti, akaanza kumshona mbuzi mahali pake, na mimi nilisimama hapo kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nimvalishe. Hajamaliza mizunguko miwili ya uzi, simu yangu ikalia. Ilikuwa dada. Hakunilaumu wala hakulia. Alisema tu, "Amepumzika. Aliuliza kama umefika, nikamwambia umefika." Nikatazama saa, sijui kwa nini. Msichana akaacha kushona. Aliona uso wangu akaelewa. Akamalizia uzi wa tatu, akakata kwa meno, akainamisha kichwa ili nimfunge. Vidole vyangu, hivi vya kubeba injini, vilishindwa na kifungo kidogo cha nyuma. Alinishikia.

Kule mochari niliomba nimwone mama peke yangu. Nilifungua vidole vyake kimoja kimoja, nikijua hakuna kitu ndani. Kidole gumba kilikuwa laini upande mmoja, ngozi imelainika hadi inang'aa. Nilijaribu kukunja mkono wake vile alivyokuwa akiukunja, haukukubali.

Tulimzika hivyo. Watu wa mazishi walisema tumemtendea vizuri, jeneza zuri, watu wengi, chakula kilitosha. Mimi nilikuwa najua amekwenda kwa mtoto wake mkono mtupu, na kwamba siku ya mwisho, alipouliza kama nimefika, nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha sukari. Dada hajaongea nami tangu hapo isipokuwa mara moja, siku tulipokuwa tukigawa vyombo vya mama. Aliuliza bila kuniangalia, "Ile shilingi moja ilikula ngapi, kwa jumla?"

Mtu mwingine angesema nimesahau. Nilikuwa najua. Arobaini ya mzee, mifugo, fundi, mafuta ya kwenda mara mbili, hata sukari na majani niliyowanunulia wale wanawake. Nikamwambia: laki moja, elfu ishirini na mbili, mia saba na sabini.